Mchaichai wa Babu Ulioingia Udi

Babu alifariki mwezi wa saba. Dirishani jikoni, hapa kwetu Erdington, ughaibuni, aliacha ndoo ya mchaichai alioupanda mwenyewe. Bibi yumo edani, hatoki nje, basi akawa anautazama kutwa. Baridi ilipoanza, ncha za majani zikageuka kahawia.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "uvune wote kabla haujafa. Ukaushe. Nataka chai yake."

Ananiita hivyo kwa utani tangu nikiwa mdogo, kwa kuwa Babu alikuwa "mume wetu." Tangu msiba hakuwahi kuniita hivyo tena mpaka siku hiyo. Nikajiambia kazi hii siiharibu.

Nilifunga vitita vitano kwa uzi, nikavining'iniza chumbani kwangu vichwa chini, pazia limefungwa, maana Bibi alisema jua huiba harufu. Kaka yangu akachungulia mlangoni.

"Majirani watadhani bangi hiyo."

"Toka!"

"Polisi wakija, mimi na wewe hatujuani."

Siku ya sita, asubuhi nikikimbilia basi, Mama aliniuliza kitu nikamjibu "mm," kama ninavyomjibu kila mtu. Niliporudi, chumba kizima kinanukia udi. Mama alikuwa na harusi ya kwenda, na mwenye eda hasogezewi manukato, ndiyo maana hakufukizia nguo zake sebuleni. Alikuwa ameniomba chumba changu. Mimi nikasema "mm." Chetezo kilikuwa bado cha moto, chini ya vitita vyangu.

Nilivunja jani moja, likalia *kach*. Limekauka vizuri kabisa. Nikalinusa: udi.

Nikayakata majani yote, nikayatia kwenye chupa za jamu. Asubuhi na jioni nilifungua vifuniko yapumue, nikiomba harufu ya udi itoke. Wiki nzima. Bibi akauliza, "Chai yangu vipi?" nikasema haijakauka. Akauliza tena, nikasema vile vile. Mara ya tatu alikuwa ametoka kusali Alasiri, ananitazama kwa upole tu. Nikamletea chupa.

Alifungua, akanusa, akafunga haraka.

"Nani katia udi humu?"

"Mimi, Bibi. Mama aliniomba chumba, sikumsikiliza, nikamkubalia. Halafu nimekudanganya mara mbili." Sijui kama niliwahi kumwambia maneno mengi hivyo kwa mpigo.

Nikaona jicho lake limekwenda kwenye ile ndoo, imebaki mchanga na mashina matupu.

"Mimi siwezi kunywa," akasema. "Sitaki shaka katika eda ya mume wangu. Chupa zingine ziweke mpaka nitoke edani, ikiwa zitakuwa zinanyweka." Kisha akanirudishia ile moja. "Hii pika. Unywe wewe."

"Mimi?"

"Kuna mke mwenza mwingine hapa?"

Nikapika. Akaniambia nikae kule mlangoni, mbali naye, mvuke usimfikie. Nikapiga funda moja.

"Haya, niambie."

"Tamu."

"Tamu, basi? Mume wetu ana chai ya neno moja?"

Nikanywa tena, polepole. Nikamwambia udi unatangulia, kama mtu anayeingia kabla hajaitwa. Nikamwambia chini yake kuna ndimu, na chini zaidi kuna kitu kama majani yaliyokatwa mvua ikinyesha.

Bibi alifumba macho. "Endelea," akasema.