Barua Iliyomwacha Atupele

Juzi nilikuwa nakagua insha ya Kiingereza ya binti yangu. Nilipofika kwenye maneno "not to mention", hasira ilinipanda.

Nilikuwa darasa la pili, tukiishi Ilomba, Mbeya. Mchana ule mvua ilikuwa imekatika, makande yakinukia jikoni. Barua ilifika kutoka kwa Mzungu aliyewahi kufanya kazi na baba. Baba hakujua Kiingereza, akamwita mwalimu jirani yetu.

Mwalimu alisoma kwa madaha: Mzungu alitaka kuwasomesha kaka zangu wawili, "not to mention Atupele."

Akasita kidogo. "Anasema Atupele asitajwe."

"Amemkosea nini?" mama aliuliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

Dada Atupele, aliyekuwa wa kwanza darasani kwake, aliacha kupepeta mchele. Mimi niliamini amefanya aibu isiyosemeka, nikakataa kula naye sahani moja. Baba alijibu akitaja majina ya kaka wawili tu. Baadaye Atupele akapelekwa Chimala kwa shangazi, kulima mpunga.

Leo najua maneno yale yalimaanisha kinyume, "sembuse Atupele": kwamba Atupele ndiye hasa aliyestahili. Mwalimu hakujua, na akaona bora amtupe mtoto wa watu kuliko kusema, "Sijui."

Nilimpigia dada simu, nikamweleza yote.

"Huyo mwalimu bado yu hai?"

"Yupo, dada."

"Kesho nakuja Mbeya. Utanipeleka kwake."