Pete ya Chumba Namba Tisa

Simu ilipolia, Mwaija alikuwa uani kwake Mkange, anapepeta ufuta. Ilikuwa saa moja asubuhi. Aliyepiga ni Jasmin, binti wa mapokezi katika hoteli ya ufukweni kule Bagamoyo alikofanya kazi kaka yake, Mwinjuma.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona sauti hivyo?"

"Kaa kitako kwanza."

"Nimekaa. Sema."

"Baba Mwinjuma hatunaye. Alikuwa anatawadha alfajiri, akaanguka. Daktari anasema moyo."

Mwaija akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akaufunika ufuta, akauliza mazishi saa ngapi. Aliambiwa baada ya alasiri. Njiani hakulia. Alikuwa na jambo la kulimaliza kabla ya alasiri, na moyoni alijua Mungu hatamwacha njiani.

Kaka yake alitunza vyumba vya hoteli ile miaka ishirini na sita. Vilikuwa kumi na viwili, lakini vitatu vilivuja na havikupangishwa tena. Mwezi wa saba, msimu wa wageni wa likizo, mama mmoja wa Kizungu wa chumba namba tisa alipoteza pete ya dhahabu. Akaandika mtandaoni kwamba ameibiwa, na wengine waliokwisha kuweka nafasi wakajitoa. Mahfoudh, mwenye hoteli, akawakusanya wafanyakazi.

"Sisemi umeiba, Mwinjuma," alisema mbele yao wote. "Lakini chumba kile wameingia watu wawili tu, mwenye pete na wewe."

Tangu siku hiyo Mwinjuma akawa mfagia mwani ufukweni. Hakununa. Jioni, kazi ikiisha, aliomba ruhusa akaitafuta pete chini ya magodoro, akafungua mabomba ya bafuni, akachekecha mchanga chini ya madirisha. Alipokwenda Mkange kumjulia hali dada yake, alikuwa anacheka.

"Pete haina miguu, mdogo wangu. Imo mle mle."

"Na usipoiona?"

"Basi Mahfoudh ataendelea kufagia jina langu, na mimi nitaendelea kumfagilia mwani. Tumegawana kazi."

Sasa amekufa, na pete haijaonekana. Kabla jeneza halijainuliwa, imamu huwauliza watu wanamshuhudiaje marehemu. Hilo ndilo Mwaija alilotaka kulimaliza, Mahfoudh asisimame pale akitazama chini huku wenzake wakijibu.

Alifika msibani kabla ya adhuhuri. Hoteli ilikuwa imeleta mikeka, na mashuka meupe ya kuzungushia mahali pa kuoshea maiti. Yalikuwa mashuka mazuri, ya kutandikwa hoteli ikijaa. Tangu mwezi wa saba haikuwa imejaa hata siku moja, na sanduku yalimofungiwa mashuka hayo halikufunguliwa.

Mwaija aliyakunjua chumbani pamoja na wifi yake Bimdogo, mjane wa marehemu. Katikati ya mikunjo kikadondoka kifuko cha kitambaa. Wote wawili walikijua. Kila jioni Mwinjuma aliweka kisahani cha asmini kando ya mto wa mgeni. Asubuhi aliyamimina maua yaliyonyauka kwenye kifuko, akakipachika kati ya mashuka yapate kunukia.

Bimdogo alikinusa, akalia. Mwaija alikipokea, akahisi kitu kigumu ndani. Alipofungua, pete ilikuwa imenasa katika maua makavu.

"Irudishe humo," Bimdogo alinong'ona. "Watasema aliificha. Tumzike mume wangu, halafu nenda kaitupe baharini."

"Nikiitupa, wifi, hapo ndipo atakuwa mwizi kweli, na sisi ndio tuliomsaidia."

"Nyie ukoo wenu vichwa vigumu."

"Ndiyo. Na wewe ukakubali kuolewa humu."

Bimdogo akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Haya, nenda."

Mahfoudh alikuwa nje, amekunja mikono ya kanzu, anateka maji ya kuoshea. Mwaija akamwita pembeni.

"Bwana Mahfoudh, hii ilikuwa kwenye mashuka yako, ndani ya kifuko cha kaka yangu. Nakupa kama ilivyo. Sijatoa hata ua moja."

Mahfoudh aliipokea. "Kifuko chake?"

"Chake. Lakini mtu anayeficha kitu, atakificha kwenye sanduku ambalo ufunguo wake unao wewe?"

Mahfoudh akakigeuza kifuko kiganjani. "Marehemu mama yangu ndiye aliyemfundisha hivi," alisema polepole. "Yule mgeni aliiweka pete kisahanini, juu ya maua. Naye akamimina bila kutazama. Kila asubuhi nilimwona akimimina, na haikunijia."

"Na yeye haikumjia."

"Nifanye nini, Bi Mwaija?"

"Ulimsema mbele za watu. Msemee mbele za watu."

Mwinjuma alipokwisha kuoshwa na kukafiniwa, wanawake waliitwa kumtazama. Bimdogo alitangulia. Mwaija alisoma Alhamdu, akamwombea msamaha kwa Mola wake, akatoka.

Jeneza likawekwa barazani. Kupitia dirisha Mwaija alimsikia Mahfoudh akisema.

"Ndugu zangu, mimi nilimdhania marehemu wizi. Pete imeonekana leo. Hakuiba. Alikosea akiwa kazini, kama nilivyokosea mimi, ila kosa langu lilimvunjia heshima. Naomba radhi kwa watu wake, na kwa Mungu naomba msamaha."

Imamu akauliza, "Mnamshuhudiaje?"

"Mtu mwema," wakajibu, mara tatu.

Wakalibeba jeneza, Mahfoudh mbele upande wa kulia. Waliswali alasiri, wakamswalia, wakamzika kando ya baba yake. Wanawake walibaki nyumbani wakisoma Yasini. Saa kumi na mbili kasoro wanaume walirudi, wakasema ameshalazwa, wakanawa mikono, wakaketi mkekani.