Kamba ya Veronicah na Waya wa Waifai

Ijumaa hiyo Muigai alifika na panga, nikajua siku imeharibika kabla chai yangu haijapoa.

"Shosho, songa kidogo. Mzee amesema hii kamba ikatwe."

Muigai, ambaye kama wote hapa huniita Shosho, yaani bibi, ndiye keateka, msimamizi wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa mtaani Satellite. Kamba aliyoitaka ni ya kuanika nguo, imefungwa kutoka nguzo ya tangi la maji hadi ndoano ya ukutani, na mwenyewe ni Veronicah wa chumba cha chini. Huyo mama alikuja hapa miaka kumi na moja iliyopita na beseni moja na mtoto mgongoni. Beseni hilo limemlea mtoto hadi kidato cha tatu. Manesi wa Upper Hill humletea magwanda yao Alhamisi na kuyachukua Jumamosi yakiwa makavu, meupe kama maziwa. Na anafua, jamani! Kuna blanketi langu lenye picha ya simba, alilisugua mpaka simba akatoroka. Usiku tukamsikia akinguruma akielekea Ngong. Asiyeamini aje aangalie blanketi, limebaki nyasi tu.

Sasa katika ploti hii yote jua linafika kwenye ile kamba peke yake. Ikikatwa, kazi ya Veronicah imekatwa pamoja nayo. Na siku hiyo magwanda kumi na manne yalikuwa bado yanachuruzika kwenye beseni, miguuni pake.

"Toa simu tuone alivyoandika," nikamwambia Muigai. "Veronicah, hebu soma. Kwa sauti."

Veronicah akajifuta povu, akasoma: "Kamba ya nguo na waya ya waifai zinakatana. Shughulikia leo."

"Zinakatana, Muigai! Ni wapi amesema zikatwe?"

"Shosho, si ni kitu moja? Zinakatana, kata."

Mungu wangu, nipe subira, maana nguvu ukinipa nitampiga mtu.

Ujumbe ulikuwa na picha. Wainaina, huyo Mzee mwenye nyumba, anakaa Woodley na hapa huonekana kama mvua ya Januari. Jumatano alipanda juu ya paa kuangalia mabati, akainama, akapiga picha. Na kweli, kwenye picha kamba na waya vilifanya msalaba kabisa.

"Picha haidanganyi," Muigai akasema.

"Inadanganya sana," sauti ikatoka kwenye ngazi. Alikuwa Bhoomi wa ghorofa ya pili, mwalimu wa hesabu anayefundisha watoto wa ng'ambo kwa kompyuta. Alikuwa amenuna. "Leo tena waifai itapotea. Kila siku ya kufua inapotea! Lakini ukiangalia kutoka juu, Muigai, huwezi kujua kama zinagusana. Picha imelala bapa kama karatasi. Haina kimo."

"Mwalimu, mimi nimetumwa kukata."

"Ngoja hadi saa sita."

Tukangoja. Mwezi wa tatu jua la saa sita husimama utosini, na vivuli vya kamba na waya vikaanguka chini vumbini, vikakatana vilevile kama kwenye picha. Bhoomi akaweka jiwe pale. Akasimamisha ufito juu ya jiwe, wima, akapima. Kamba ilipita futi saba kutoka chini. Waya, unaoteremka kutoka paa la jirani, ulipita hapohapo futi tisa.

"Chini ni mahali pamoja, juu kuna futi mbili katikati," akasema. "Zingekuwa kimo kimoja hapa, zingekutana. Haziko. Zinapishana tu."

Hayo nilijua tangu zamani. Marehemu mume wangu alinipita hivyo Ngong Road, yeye juu ya daraja la miguu na mwanamke wa watu, mimi chini na kikapu cha viazi. Ungetupiga picha ukiwa mbinguni ungesema tumekumbatiana.

"Umesikia?" nikamkemea Muigai. "Zinapishana! Rudisha panga kwa mama yako!"

Veronicah alishaanza kuanika. Lakini Bhoomi hakuondoka. Alikuna kichwa.

"Basi kwa nini waifai inapotea siku za kufua?"

Veronicah akaniangalia. Nami nikaangalia kuku wa jirani.

"Shosho," Veronicah akasema polepole, "ule mti wako wenye panda uko wapi?"

Ulikuwa mlangoni kwangu. Nguo zikiwa nzito kamba hulegea, na mimi siwezi kuona nguo nyeupe ikibusu vumbi, kwa hiyo huja na mti wangu nikaiinua katikati. Mjue kwamba kwa mti huo niliwafukuza chui wawili, na wa kwanza alikufa kwa woga. Bhoomi akausimamisha juu ya jiwe lake. Ncha ya panda ikafika futi tisa na nusu, ikashika waya na kuuvuta kama mkono wa mtoto kwenye sketi.

"Kamba tuliyoipima ni ile iliyolala," Bhoomi akasema. "Shosho huisimamisha!"

"Sasa mnataka nguo ziburuzike?" nikauliza. Wote watatu walikuwa wanacheka, hata Veronicah, aliyekuwa karibu kulia asubuhi nzima.

Muigai akapata kazi aliyotumwa. Alikata mti wangu futi mbili upande wa chini kwa pigo moja, kisha akamwandikia Wainaina: "Nimekata."

Magwanda yalikauka. Waifai haikupotea. Nami nimebaki na kimti ambacho hakiwezi kumtisha hata paka, na chui wa pili hajafa, nawaambia.