Kisu cha Mzee Waya

Mtaa mzima ulimwita Mzee Waya, hata wanawe walipokuwa wadogo walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi umeme. Kokote alikokwenda, mfuko wa kulia wa suruali yake ulivutwa chini na kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe ya ng'ombe. Ubavuni mwa mpini huo palikuwa na kibonde kilicholika pale gumba lake lilipozoea kukaa miaka nenda miaka rudi.

Mtoto wake wa kwanza, binti, alimpachika jina la Fyuzi kwa kuwa alikuwa mwepesi wa hasira. "Huyo msimguse, ataungua," aliwaambia wageni, na kweli mtoto anaungua, anaondoka na kubamiza mlango, wageni hawana mbavu. Lakini ni Fyuzi huyo huyo aliyeketishwa kwenye ngazi ya mlangoni akafundishwa kumenya waya. Baba aliweka gumba lake juu ya gumba la binti, wakauzungusha waya polepole chini ya makali mpaka ganda likatoka kama pete na shaba ikang'aa ndani yake, haina hata mkwaruzo. Mpini ulikuwa wa joto, umetoka mfukoni sasa hivi. Fyuzi hakuwahi kusahau joto lile.

Akakua, akaolewa, ndoa ikamshinda, akarudi kwa baba yake na kupata kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mdogo wake Fyuzi, kijana wa pekee wa nyumba ile, aliendesha lori la masafa marefu. Leo yuko huku, kesho hajulikani aliko. Kwa hiyo kiharusi kilipomwangusha mzee, hapakuwa na kikao cha kuamua nani atamtunza.

Upande wa kulia wote ukafa, na maneno yakafa nao. Akabaki na mkono wa kushoto na macho. Fyuzi akawa anashinda kutwa na mashuka ya watu, anakunja na kupiga pasi mpaka mabega yanawaka moto, akirudi nyumbani anakuta mashuka mengine yanamsubiri. Jirani aliyekuwa akimwangalia mzee mchana alikuwa akimkabidhi zamu mlangoni, naye Fyuzi anaingia akiwa bado na viatu miguuni.

Kisu ndicho kitu pekee alichokidai mzee. Alionyesha suruali ukutani, akaonyesha tena, mpaka binti akaelewa. Aliubana mpini katikati ya magoti, akavuta ubapa kwa kucha ya mkono wa kushoto, kisha akaugandamiza kwenye ubao wa kitanda ujifunge. *Tak.* Ulikuwa mchezo tu mwanzoni. Halafu mzee akagundua kwamba akifanya hivyo binti anakuja. Kiu, *tak*. Shuka limelowa, *tak*. Upweke, *tak*. Fyuzi yuko bafuni na sabuni usoni, *tak*. Ana kijiko cha chakula njiani kuelekea mdomoni, *tak*.

"Nakuja, Baba."

Siku moja alimkuta ana damu kwenye vidole. Kidonda kilikuwa kidogo, lakini alimfunga kitambaa. Alikipeleka kisu uani, akayasugua makali kwenye saruji mpaka yakawa butu kama mgongo wa kijiko. Alipokirudisha, mzee alikifungua, akapitisha gumba kwenye makali jinsi mafundi wanavyofanya. Akapitisha tena. Kisha akamtazama binti yake kwa muda mrefu, akageuzia uso ukutani. Jioni ile hakuita. Fyuzi alikaa jikoni akisubiri sauti aliyokuwa akiichukia, na haikuja.

Kesho yake akaanza kuita tena, na maisha yakaendelea hivyo mpaka mzee alipofumba macho.

Kijana alifika na lori lake, akamzika baba, akawapokea watu waliokuja kutoa pole, akalia mbele ya kadamnasi mpaka akashikwa mabega. Fyuzi hakulia. Watu walisema ana moyo mgumu. Ukweli ni kwamba alikuwa na usingizi.

Nyumba ilipobaki kimya, alitoka uani kufua mashuka ya mwisho ya mgonjwa. Ghafla akasikia: *tak*.

Akasimama. Akajifuta mikono kwenye kanga, akavuka jikoni, akachukua taulo kwenye kamba kama kawaida yake. "Nakuja, Baba," alisema, na alikuwa tayari ameshika pazia la chumba alipomwona mdogo wake amekaa kitandani, kisu mkononi.

Walitazamana. Kijana alianza kucheka, akaacha.

"Dada, umesemaje?"

"Sijasema kitu."

Akaketi kwenye kiti, taulo mapajani. Kijana akakigeuza kisu mwangani.

"Baba alikuwa akimenya machungwa kwa hiki. Ganda moja refu, halikatiki, ananivisha shingoni. Unakumbuka?" Akapitisha gumba, uso ukabadilika. "Nani amekiharibu hivi?"

"Mimi."

"Kisu cha Baba? Dada, wewe kweli..."

"Alijikata," alisema Fyuzi. Wakati wowote mwingine angewaka. Aliitafuta hasira kama mtu anayepapasa swichi gizani, hakuipata. Basi akamweleza, taratibu, bila kunyanyua sauti: sauti ile ilikuwa na maana gani, na jinsi mzee alivyogeukia ukutani. Kijana alisikiliza ameinamisha kichwa, kidole chake kikiwa ndani ya kibonde cha mpini.

"Ningejua," alisema mwishowe.

"Ungejua, lori lingeendeshwa na nani? Kichukue. Kinoe, umenyee wanao machungwa."

"Ni haki yako hiki. Wewe ndiye uliyekaa naye."

"Nimekishika vya kutosha, mdogo wangu. Wewe kikushike sasa."

Kijana alikitia mfukoni, akanyanyuka, akamtoa dada yake taulo mapajani. Fyuzi alimsikia uani akiyasuuza mashuka vibaya, maji yakimwagika ovyo, akiyakamua kama anayenyonga kuku. Alitaka kwenda kumwelekeza. Badala yake alijilaza kwenye kile kitanda kitupu, jua likiwa bado kali dirishani, akiwa na viatu vyake miguuni.

Alipozinduka, kijana alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, anamwambia hoteli wamepiga simu wanauliza kama ataingia kesho.

"Umewaambiaje?"

"Nimewaambia umelala."

Fyuzi akageukia upande wa pili, akajivutia shuka alilofunikwa usingizini.