Baridi Ikiacha Kuuma

Mwanangu, ipo siku moja ya Novemba ambayo hainitoki kichwani. Kila majani ya mti ulio mbele ya dirisha langu hapa Ilford yanapoanza kupukutika, na asubuhi nikawaona vijana wanawasha pikipiki zao huku pumzi zinawatoka kama moshi, siku hiyo hunijia polepole, kama mgeni anayeijua nyumba. Hunikuta nimekaa na kikombe changu cha chai, nami huiacha ikae.

Nilikuwa kijana kama wewe. Mapinduzi ya Unguja yalikuwa yamepita miaka michache tu, nami nilikuwa nimekuja London na Ami Nassor, ndugu mdogo wa baba yangu. Baba alibaki nyumbani, na sikumwona tena, Mungu amrehemu. Tulipanga chumba Kenton, katika nyumba ya Muhindi mmoja wa Mombasa, mtu mwema, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Ami, aliyekuwa mwalimu kwetu, alipata kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Mimi nilipata kazi kwenye karakana ya kutengeneza taa za magari.

Ami alikuwa mpole, na alinilea kwa upole. Lakini neno moja hakulitaka: Unguja. Hakuitaja. Nikimwambia, "Ami, unaikumbuka nyumba yetu ya Mkunazini?" atanitazama kidogo, kisha aseme, "Chai yako inapoa." Basi, yameisha. Nikajifunza kutouliza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kijana wa umri wangu aliyajulia wapi hayo? Nilidhani mtu akinyamaza amesahau, na akisahau amepona.

Nami nilikuwa na pikipiki. Kuukuu, ya kijani, tangi lake limebonyea upande mmoja, na ukiiwasha ilikohoa kama mzee anayeamka alfajiri. Niliipenda. Msimu wa joto niliiendesha na shati tu, nikatoka nje ya mji mpaka kwenye mashamba, upepo umejaa mgongoni kama mto wa sufi, nikajiona sina deni na dunia. Kisha ikaja vuli. Na vuli ya huku, mwanangu, si ile ya kwetu. Kwetu ni mvua, huku ni majani. Yanaanguka bila ya kelele, yanajilaza barabarani mazuri kama zulia, na yakilowa huteleza kuliko sabuni. Jua nalo linashuka chini, linakuchoma machoni badala ya kukupasha joto. Wenzangu wengi walizifunika pikipiki zao turubai wakasubiri mwezi wa Aprili. Mimi nikasema, nani, mimi? Sifuniki.

Jumapili moja simu ikalia kwa mwenye nyumba. Ilikuwa kutoka Brighton. Mzee Khamis, aliyecheza na Ami tangu utotoni na kusoma naye chuo kimoja, alikuwa mahututi hospitalini na alikuwa akimwulizia. Treni hazikuwa zikienda, wafanyakazi wamegoma. Nikamkuta Ami amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu tayari miguuni, hana pa kwenda.

"Nitakupeleka mie, Ami," nikamwambia.

"Kwa kipikipiki kile?"

"Kile kile."

Akanitazama nilivyovaa, kijikoti chembamba cha ngozi na glavu za kupendeza tu. Akaniletea koti lake zito. Nikakataa, kwa sababu lilikuwa pana na lingenifanya nionekane kama gunia. Akaniletea magazeti. "Yatie kifuani, ndani ya koti. Kazini kwetu waendeshao pikipiki ndivyo wafanyavyo."

"Ami, mie si samaki wa kufungwa gazetini," nikasema, nikacheka.

Yeye hakucheka. Alivaa koti lile mwenyewe, akayajaza magazeti yake kifuani, akajifunga shali mpaka puani, akapanda nyuma yangu, akanishika kiunoni kwa haya, kama mtu aliyeazima kitu.

Safari ya kwenda ilikuwa kama ndoto ya asubuhi. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni, na vilima vya kusini vimetokeza juu yake kama migongo ya ng'ombe wanaovuka mto. Jua jembamba, barabara kavu, pikipiki inaimba. Nilihisi kifua cha Ami kinapanda na kushuka mgongoni kwangu. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Tulikuwa tunakwenda kwa mgonjwa nami nilifurahi.

Mzee Khamis alikuwa amekonda, mikono imebaki mishipa. Alipomwona Ami alitabasamu, akamvuta mkono, akasema kwa sauti iliyokuwa karibu na pumzi tu, "Nassor, nitajie mitaa ya mjini kwetu. Anzia Malindi unipeleke mpaka nyumbani. Macho yangu yamechoka, nataka nipite kwa masikio."

Ami akafungua mdomo. Akaufunga. Akaanza kulinyoosha blanketi ambalo halikuwa limekunjamana.

"Utapona, Khamis, inshallah," akasema.

"Nimekuuliza njia, sikukuuliza habari ya kupona."

Ami akainamisha kichwa. Nje ya dirisha bahari ilikuwa ya kijivu, inayavuta mawe ufukweni na kuyarudisha. Mgonjwa akasinzia akisubiri. Tulipotoka, Ami alisimama ukumbini, uso ameuelekeza ukutani. Nami nikajitia sioni.

Tukaanza kurudi baada ya alasiri. Huku Novemba, jua halikuagi. Hugeuza mgongo tu. Tulipopanda vilima lilikuwa limekwishazama, na baridi ikatuvaa.

Sikiliza sasa, maana hapa ndipo ninapotaka ufike. Mwanzo iliniuma. Iliniuma vidoleni kama ninabanwa na mlango. Ikaingia kifuani, magoti yakatetemeka, meno yakagongana. Nikajiambia, nikisimama Ami ataniona mtoto. Mzee mzima amekaa nyuma halalamiki, mimi nilalamike nini? Nikabana meno, nikaongeza mwendo.

Kisha ikaacha kuuma. Ilinitoka yote kwa mara moja, ikaja raha moja, mwanangu, ambayo sijaipata tena. Mwili ukawa mwepesi. Vidole sikuvisikia tena. Taa yangu ya mbele ikawa ya manjano zaidi, laini kama ya kandili, na miti ya pande mbili ikasogea karibu, ikawa kuta. Kuta nyeupe za chokaa, ndefu, na uchochoro katikati. Nikasikia kinu kinatwanga mahali fulani. Nikasikia harufu ya mkate wa mofa. Sikushangaa hata kidogo. Nilijua tu kwamba nimechelewa na wananisubiri.

Hayo yafuatayo nayajua kwa sababu Ami alinisimulia. Alisema alihisi mtetemeko wangu umekoma, akadhani nimepata joto. Kisha pikipiki ikaanza kuhama, kidogo kidogo, kuelekea katikati ya barabara. Mbele kabisa, chini ya mteremko, taa za lori zilikuwa zinapanda. Akaleta mdomo kwenye sikio langu.

"Tumefika wapi?" akaniuliza.

Nikamjibu kwa furaha, "Tunaingia Darajani, Ami. Leo soko limejaa."

Wengi wangepiga kelele. Ungepiga wewe, ningepiga mimi. Ami aliniambia baadaye kwamba alijua akinigutusha nitaukata usukani, na sote wawili tutalala chini ya lori. Basi mtu yule, ambaye saa chache nyuma hakuweza kumpa rafiki yake jina la mtaa mmoja, akanifuata kule nilikokwenda.

"Ee, soko limejaa," akasema, taratibu, sauti ile ile ya darasani. "Basi punguza mwendo, kuna watu. Punguza. Hivyo. Shika kushoto. Kushoto zaidi, mwache yule hamali na mkokoteni wake apite."

Lori likatupita. Nilisikia upepo wake tu, nikadhani ni hamali.

"Haya, sasa tunaingia Mkunazini. Uchochoro mwembamba, wajua. Kuna watoto wanacheza. Punguza tena. Lile duka la mkaanga kahawa limefungwa, ameshakwenda kuswali. Unaiona baraza yetu?"

"Naiona, Ami."

"Baba yako amekaa. Simama hapa, mwanangu. Tumefika."

Nikasimama. Miguu haikunishika, pikipiki ikalala taratibu kwenye majani ya kando ya barabara, nasi tukalala nayo. Nikalitazama anga, nikauliza, "Baba yuko wapi?" Ami alikuwa amekwishalivua koti lake, ananiviringisha nalo, ananisugua mgongo, na huku analia waziwazi kama mtoto.

Mbele kidogo palikuwa na mkahawa wa madereva wa malori. Alinikokota mpaka pale. Mama mmoja mnene mwenye aproni alitukalisha, akanipa chai tamu, akanikataza nisiisogeze mikono yangu kwenye moto. Mikono ikaanza kurudi, na uchungu wake ukanitoa machozi.

"Lia," akasema Ami. "Sasa umerudi."

Nilipoweza kukishika kikombe mwenyewe, ndipo aliponikemea. Hakupandisha sauti.

"Ulipoanza kutetemeka, mdomo wako ulikuwa wapi?"

"Niliona haya, Ami. Wewe ulikuwa kimya."

"Mimi nilikuwa nyuma ya mgongo wako. Upepo wote uliupokea wewe, mimi nimejificha. Nimejazwa magazeti kama kapu la mayai. Unajipima na mimi kwa nini?" Akalikaza koti mabegani kwangu. "Baridi inayouma inakwambia kitu. Iliyoacha kuuma haikuondoka, imeingia ndani. Ungesema neno moja tu, nina baridi, tungesimama, tungekunywa chai, tungefika usiku, tungefika salama. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Alipoyasema hayo, nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyesikia maneno yake mwenyewe yanamrudia. Akakiweka kikombe chini. Akakaa anakitazama mpaka dereva mmoja mwenye huruma alipotupakia kwenye lori lake akatupeleka London. Pikipiki tuliiacha uani kwa yule mama.

Treni zilipoanza tena, Ami hakungoja hata siku ya mapumziko. Aliomba ruhusa kazini, nami nikafuatana naye. Mzee Khamis alikuwa amezidi kudhoofu. Ami akavuta kiti, akamshika mkono, akasema, "Khamis, tupo Malindi. Twende."

Akamtembeza. Mtaa kwa mtaa, uchochoro kwa uchochoro, nani amekaa kwenye baraza gani, wimbo ulitoka dirisha lipi, wapi palikuwa na mbwa. Sauti ilimkatika mara nyingi, akangoja, akaendelea. Mgonjwa alikuwa amefumba macho. Walipofika Kiponda akafumbua jicho moja. "Umelipita duka la mzee wa halua," akasema. "Rudi." Wakarudi. Wakacheka, wazee wale wawili, mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Walipofika mlangoni kwa kina Khamis, Ami akasema, "Karibu kwako," na Khamis akaitikia, "Starehe." Hakufika mwisho wa mwezi.

Tangu hapo Ami alizungumza. Mengine yalikuwa mazuri, mengine mazito, mengine siwezi kuyaandika. Lakini alizungumza, na aliyekuwa mtu wa kuamka usiku akaketi gizani akawa analala. Nami nikaijua Unguja kwa ulimi wake zaidi kuliko kwa macho yangu.

Basi mwanangu, sikuambii uifunike pikipiki yako. Najua raha yake, na mtu hakatazwi upepo. Nakuambia uvae kabla hujasikia baridi, si baada. Usicheke magazeti ya mtu. Majani yaliyolowa yapitie kama unapita juu ya mayai, na penye kivuli cha daraja uogope barafu usiyoiona. Ukianza kutetemeka, simama, hata kama umebakisha maili moja, hata kama wenzako wanakungoja. Kawia ufike. Na ikiwa ulikuwa unatetemeka, kisha ghafla ukaona raha, hapo usijiamini hata kidogo. Simama na umwite mtu.

Na nyinyi mliozaliwa huku, mnaotuelewa kwa Kiswahili mkatujibu kwa Kiingereza, hili nalo ni lenu, kwa lugha yoyote mtakayo. Wako vijana wazuri, wanakwenda kazini kila siku, wanacheka, ukiwauliza hujambo wanasema sijambo, na ndani kumeshaacha kuuma. Usiwe hivyo. Sema nina baridi. Sema nimechoka, nimefiwa, naogopa, nimepakumbuka kwetu. Neno hilo halimshushi mtu. Na ukimwona mwenzako amepotelea mbali, usimpigie kelele kutoka ulipo. Mfuate alipo, mshike taratibu, umlete kando.

Mungu akufungulie njia na akufungie breki pale panapostahili. Akupe mgongo wenye joto na ulimi usioona haya kusema ukweli. Kila utokapo urudi, na kila urudipo ukute mtu ameacha taa inawaka. Amin.