Mafuta ya Debe

Tangu utotoni karanga zilinikataa. Nikionja kidogo tu, midomo ilivimba, koo likabana, nikahema kama mwenye pumu. Mama yangu, kule upande wa Mhunze, alinipikia mboga yangu kando wala hakuuliza sababu. Shida ilianza nilipoolewa Nyarugusu na mchimba dhahabu, miaka michache kabla ya uhuru. Kwa Wasukuma wa nyumba ile, mboga bila karanga ilikuwa haijaiva. Nilipoacha bakuli la mama mkwe, alimwambia mume wangu, "Mkeo ananidharau."

Siku moja nilijilazimisha kula ili nimridhishe, nikaanguka mbele yake. Tangu hapo alininunulia chungu changu, na mtu mwingine asikiguse. Nikaanza kumwita mayu, kama nilivyomwita mama mzazi.

Binti yangu alirithi hali ile. Mayu alimlinda kuliko mimi. Mtoto akitoka kucheza kwa jirani, alimkagua viganja asije akawa ameshika karanga.

Mtoto alipofikisha miaka minne, mayu alitaka kumkaangia maandazi. Alikwenda dukani mwenyewe, akauliza mara mbili, akaambiwa mafuta ya debe lile ni ya pamba. Mtoto alikula andazi moja na nusu.

"Bibi, ulimi unawasha."

Nilichovya kidole kwenye mafuta yaliyobaki ya debe, nikakilamba. Midomo yangu ikaanza kuwasha papo hapo. Nilimfunga mtoto mgongoni nikakimbia kuelekea zahanati, mayu nyuma yangu, pekupeku. Nilimsikia mtoto akikoroma, kisha sikumsikia tena. Niliendelea kukimbia. Sikutaka kumfungua nimwangalie.

Baada ya mazishi mayu alirudi dukani. Mwenye duka alisema mafuta ya karanga yalimbakia kidogo, akayamimina kwenye debe la pamba. "Yote ni mafuta, mama," alisema. Hakuwa mtu mbaya. Nani angemwambia kwamba karanga huua?

Mayu akaacha kupika. Alikaa jikoni kwake bila kuwasha moto, akila alicholetewa. Ndugu zangu walinishauri nirudi kwetu. Mvua za kwanza ziliponyesha, nilimpelekea unga wa mtama na maziwa.

"Nipikie, mayu. Nina njaa."

"Kwa mikono hii?"

"Hiyo hiyo."

Alisonga ugali huku machozi yakimdondoka, hakuyafuta. Tulikula sahani moja. Sikumlaumu hata siku moja. Ila zipo siku nilishindwa kumtazama, na alijua.