Ukingo wa Silindre

"Mama Odile, juu ya nini Papa Numbi anatia kidole mu kila silindre, sawa muntu anayeonja mboga?"

Béatrice, jirani yangu, aliniuliza hivyo siku moja tukitoka misa. Nilicheka, nikamujibu, "Fundi ana mambo yake." Jibu nililijua. Sikulisema.

Numbi Edouard alikuja huku Kindu kutoka Katanga kwa kazi ya reli. Vita ilipofunga njia ya treni, alijenga banda nyuma ya nyumba yetu, akawa anafunga motere ndogo kwenye kinga, zile baiskeli za kubebea mihogo. Ni muntu mupole. Na batu hasemi mingi. Na chuma anaongea. "Kuya, kuya," anaiambia bulo, parafujo iliyoshika kutu, "usinikasirikie."

Mwaka wa 2002 Kindu ilifungwa pande zote, ni kinga tu zilizopenya kwa njia za porini. Malaika, muke wa ndugu yangu Rémy, alishikwa na malaria kali. Dawa ya kinini ilikuwa kwa masista wa Kailo tu. Rémy alikuwa na kinga ya motere, lakini silindre yake ilikuwa imepasuka.

Numbi akatoa silindre mbili za zamani, moja ya musumeno wa kukata miti, nyingine ya pompi ya maji. Aliingiza pistoni katika kila moja, akaielekeza juani, akatazama mwanga unaopita pembeni.

"Hii ya musumeno ni nyepesi, lakini pistoni inacheza ndani sawa muguu wa mutoto katika kiatu cha baba yake. Tukamate ya pompi."

Silindre ya pompi, tundu lake la kutolea moshi lilikuwa chini mno. Alilipandisha kwa tupa, unene wa ukucha, kisha akapanua matundu ya bulo. Rémy alikuwa amekwisha kuvaa kofia.

"Bado," Numbi akasema. "Ukingo wa tundu una meno. Pete ya pistoni ikipita pale itanaswa, itavunjika. Munipe saa moja niulainishe."

Mimi nilikuwa nimetoka kitandani kwa mugonjwa. Nilimunyang'anya tupa. "Papa, Malaika anakufa! Funga hivyo hivyo. Mungu atalainisha yaliyobaki."

Alinitazama. Akafunga.

Motere ilifika Kailo ikiimba. Kwenye kurudi, pete ikavunjika, gurudumu likakwama papo hapo, Rémy akaanguka, muguu ukateguka. Alifika siku ya pili akichechemea, kinini mufukoni. Malaika tulikuwa tumekwisha kumuzika.

Kilioni Rémy alipaza sauti: "Ule fundi ameniulia muke!" Batu wote wakageukia Numbi. Yeye akanitazama mimi, akingoja. Nilishika rozari yangu, nikanyamaza. Muda murefu hakuna muntu wa mutaa wetu aliyemupelekea kazi, naye hakunitaja. Niliungama kwa padri, nikapewa malipizi, nikasali yote. Numbi sikumuomba musamaha.

Mutoto aliyeachwa na Malaika ni Francine. Leo njo mukunga kule Kailo. Mwezi uliopita alileta kinga yake ya motere, silindre imeisha, nyingine ameipata sokoni.

"Tantine," akaniambia mimi shangazi yake, "umwambie Papa Numbi afanye mbio. Kuna mama anakaribia kuzaa, ananingoja."

Numbi alikuwa akipitisha tupa, macho yake yana ukungu sasa. Neno "mbio" lilinichoma.

"Francine, keti. Kifo cha mama yako, si huyu aliyekosa. Alitaka saa moja. Mimi njo nilimunyang'anya tupa, kisha nikaacha batu wamuhukumu. Papa Numbi, nisamehe."

Francine alijifunika uso kwa kitenge. Lakini hakusimama.

"Nami nilikubali kufunga," Numbi akasema. "Mukono ulikuwa wangu."

Kisha akanyoosha ile silindre upande wangu.

"Vidole vyangu vimekufa ganzi, Mama Odile. Tia chako ndani, zungusha polepole kwenye ukingo wa tundu. Kikikwaruzika hata kidogo, unirudishie."